Shangazi, rafiki yake ananiharibia binti

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko Kidato cha Pili. Darasa la saba alimalizia shule ya serikali, akafaulu vizuri, na mwaka jana alikuwa wa nne kati ya wanafunzi 62. Mwaka huu mtihani wa Machi kawa wa 29, Juni wa 38, na wa Septemba hata sitaki kuutaja. Biolojia tu ndiyo kaongeza, sijui kaibia wapi. Chanzo ni msichana mmoja aliyehamia shuleni kwao Julai kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mama yake ni mama ntilie, na wanashinda kibarazani kwake eti wanasoma. Binti amekuwa mkimya, ananijibu kwa mkato, hata mdogo wake mchanga niliyejifungua Februari, ambaye huwa analala naye ili nipumzike maana alfajiri nawahi kufungua duka, akilia usiku anambembeleza kwa hasira. Nililisoma daftari lake la siri, nikakuta kaandika: "Leo kaniuliza kama nimelala." Mtoto wa watu usingizi wa mwanangu unamhusu nini? Nimemkataza, nimemchapa mara moja tu, hakomi. Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia. Akirudi ananiambia nimwache mtoto apumue, wanakaa wanacheka mpaka saa tano usiku. Mama mkwe anamtaka Pangani likizo ya Desemba, nimekataa, atamdekeza. Nataka Kidato cha Tatu aende bweni mkoa wa mbali, na niitishe kikao cha wazee wa pande mbili mume wangu aonywe. Samaki mkunje angali mbichi. Nishauri.*
*— Mama Mwenye Uchungu, Tanga*

Marahaba, mama. Pole kwa kulea kichanga na kuendesha duka huku mwenzio yuko barabarani. Si kazi ndogo hiyo. Pole yangu inaishia hapo, tuingie kwenye barua.

Nimeisoma mara ya kwanza kama ulivyoiandika, mara ya pili nikafuata miezi. Mtoto kashuka Machi. Rafiki kaja Julai. Huyo binti wa mama ntilie alimharibu vipi mwanao miezi minne kabla hawajaonana? Watu wa Tanga mnasingiziwa uchawi mwingi, ila wa namna hii sijawahi kuusikia.

Kabla ya Machi kuna Februari, na Februari umeichomeka katikati ya sentensi inayolalamikia hasira, kana kwamba haina kazi pale. Umejifungua. Kichanga kikahamishiwa kitandani kwa dada yake "ili nipumzike". Wewe upumzike, yeye je? Anaamka na mtoto saa saba, saa tisa, anakuletea umnyonyeshe, anamrudisha, anambembeleza, kisha saa kumi na mbili asubuhi anatafuta soksi za shule. Madaktari wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane mpaka kumi. Wa kwako akipata nne mfululizo nitashangaa. Halafu unamshangaa anajibu kwa mkato! Wewe mwenyewe mtu akikuongelesha baada ya usiku kama huo, unamjibu kwa mashairi?

Msichana kumsaidia mama ni malezi, sipingi. Achote maji, aoshe vyombo, ambebe mdogo wake jioni wewe ukipika. Lakini zamu ya usiku ya mtoto wa kunyonya ni ya aliyemzaa, na kama duka linakuzidi, tafuta dada wa kazi au punguza saa za duka. Umemgeuza mwanao yaya, na yaya hata mshahara anapata.

Sasa twende kwenye hilo daftari. Umelifungua ukitafuta mvulana, nadhani, hukumkuta, ukaona heri ulalamikie hata hicho kidogo ulichokipata. "Leo kaniuliza kama nimelala." Mama, soma tena sentensi hiyo. Tangu Februari, katika nyumba yako, shule yake na mtaa wako mzima, aliyemuuliza mtoto huyo kama amelala ni msichana wa miaka 15 ambaye mama yake anauza wali maharage. Jambo hilo lilikuwa kubwa kwake kiasi cha kuliandika. Na wewe umelileta kwangu kama ushahidi wa mashtaka.

Hiyo Biolojia hakuiba. Kasoma miaka saba kwa Kiswahili, kaingia sekondari ambako karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kidato cha Kwanza wenye akili wengi wanavuka kwa kukariri. Kidato cha Pili maelezo yanarefuka na kukariri kunagoma. Mara kaja mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, wanakaa barazani, mmoja anasoma, mwingine anauliza hii maana yake nini. Somo moja limepanda katika mwaka mzima wa kushuka, na limepanda baada ya Julai. Ningekuwa wewe ningempelekea huyo mama ntilie kilo ya sukari na asante juu.

Au umama ntilie wake ndio tatizo? Niambie ukweli, maana umeutaja bila kuulizwa. Angekuwa mtoto wa meneja wa benki ungeandika barua hii?

Haya, nisije nikaonekana nawatetea marafiki wote wa dunia. Rafiki anaweza kumpoteza kijana, na umri huo ndio wenyewe. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Wale wa miaka 13 hadi 16 wakiwa na wenzao walijiingiza kwenye hatari kupita kiasi, lakini watu wazima, kutazamwa na wenzao hakukuwabadilisha. Ndivyo kijana alivyo: jicho la mwenzake linamwendesha kuliko mdomo wako. Lakini jicho hilo hilo likiwa la msichana anayesoma linamwendesha kwenda kusoma. Kazi ya mzazi ni kumjua rafiki, na wewe humjui. Barua nzima hujaandika hata mara moja kwamba ulikaa naye ukamsikiliza. Mkaribishe Jumamosi ale kwako. Kama ni muhuni utamwona kabla chai haijapoa, maana uhuni haujui kujificha mbele ya mama mwenye macho.

Na kumbuka, ukimkataza mtoto rafiki wa barazani, ambapo mama mtu mzima anakaanga vitumbua huku anawaona, utakuwa umewahamishia pasipo na macho ya mtu.

"Nimemchapa mara moja tu." Hiyo "tu" naifahamu. Inakuja kwangu kila wiki, ina ndugu zake. Tuiache.

Sasa mume wako. Unataka aonywe kwa kosa gani? La kumchekesha binti yake? Mtu katoka Tunduma, kapita mizani na foleni za mpakani, mgongo unauma, anafika nyumbani badala ya kulala anakaa na mtoto mpaka saa tano wanacheka. Wanaume wa hivyo wangapi unawajua mtaani kwako? Hapa mshtakiwa namtetea waziwazi. Kosa moja ninalompa ni saa tano yenyewe. Angecheka naye mpaka saa tatu, kisha achukue yeye zamu ya kichanga usiku huo, binti akalale. Hilo mwambie, tena kwa upole, ukiwa umemtengea chakula.

Ndoa za siku hizi zimenichosha kwa jambo hili. Baba anageuzwa namba ya kutumia pesa. Ada itoke kwake, sare zitoke kwake, akifungua mdomo kusema kuhusu mtoto anaambiwa hujui kinachoendelea humu ndani. Akinyamaza anaitwa baba asiyejali, akiongea anaitwa mdekezaji. Na akina baba nao wengi wameupenda utaratibu huo, maana kutuma pesa ni rahisi kuliko kukaa na msichana wa miaka 15 ukamwuliza anaogopa nini. Mtoto anakua katikati ya wakubwa wawili wanaovutana, anajifunza upande upi aombe daftari na upande upi aombe ruhusa, na lake la moyoni hana pa kulipeleka. Hapo ndipo rafiki anakuwa mzazi. Hakumpora mtu nafasi, alikikuta kiti kitupu.

Halafu haya mashindano ya akina mama! Baraza la Mitihani lenyewe Januari 2023 liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Nyinyi mmeichukua kazi hiyo mkaipeleka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi. Wa kwangu wa pili, wa kwako wa ngapi? Katika barua yako nafasi za mtoto nazijua zote mpaka namba, ila jina lake hujaniambia, wala anapenda nini, wala lini mara ya mwisho alilia. Mwishoni mwa mwaka ana upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, akishindwa anarudia darasa. Bado wiki chache. Ukitaka afaulu, mpunguzie usiku, usimwongezee tuisheni.

Mama mkwe nakuja kwake. Pwani yetu msichana akivunja ungo alikuwa akipewa somo, mtu mzima asiye mama yake, wa kumweleza yale yasiyosemeka kwa mama. Wazee walijua msichana wa umri huo kwa mama yake anafunga mdomo, wakamtafutia sikio jingine kabla hajalitafuta mwenyewe mitaani. Somo wa mwanao ni nani? Kama hana, bibi wa Pangani anajitolea bure na wewe unamkatalia kwa sababu atamdekeza. Wiki tatu za kudekezwa na kulala usiku kucha ndizo dawa ninayomwandikia. Aende.

Bweni la mkoa wa mbali hapana, si mwaka huu. Mtoto aliyenyamaza ukimpeleka mbali, ukimya wake hutausikia tena. Utaona namba kwenye ripoti tu, na namba ndizo zinazokudanganya sasa hivi. Mwakani mkiwa mnaongea, mwulize mwenyewe kama anataka.

Daftari lake usilirudishe kimyakimya. Mwambie ulilisoma, mwombe radhi, na usimwulize swali lolote siku hiyo. Atakasirika, tena wiki nzima. Vumilia. Kichanga kihamie chumbani kwako leo usiku, usisubiri mume arudi. Na kesho nenda shuleni, si kwa mwalimu wa taaluma, nenda kwa mwalimu wa ushauri na malezi, umwulize mwanao darasani anasinzia vipindi gani. Ukijibiwa, utapunguza ukali.

Na kikao cha wazee wa pande mbili kiitishe tu, mama, sikukatazi. Ila barua hii usiwasomee, maana wakifuata miezi kama mimi, faini utatozwa wewe, na mbuzi wa kikao atanunuliwa kwa pesa ya duka lako.