Mtenge kwanza, dawa baadaye: kwa wadogo zangu mnaoanza kufuga kuku uani

Picha mnazonitumia zinafanana. Mtetea amejikunyata ukutani, manyoya yametimka, macho yamefumba nusu, na chini yake swali: "Dada, huyu nimpe dawa gani?" Mimi simwangalii yeye kwanza. Naangalia nyuma yake, ambako wenzake wanakunywa kwenye chombo kilekile alichotoka kukidondoshea kamasi. Hapo roho huniuma, maana swali la dawa limekuja kabla ya swali la kumtoa pale.

Nawapenda sana ninyi wa kuku kumi, kumi na tano, mnaofuga nyuma ya nyumba ya kupanga kwa ruhusa mliyoibembeleza kwa mwenye nyumba. Mnawapa majina. Kuna mtetea mmoja hapa Morogoro anaitwa Mwenyekiti na jina limemkaa, maana hakuna anayegusa pumba kabla yake. Lakini mwezi huu nimeona makosa yaleyale kwenye mabanda mapya matatu, na uvumilivu umeniisha. Haya, tuanze.

1. Akizubaa asubuhi, atoke bandani asubuhi hiyohiyo. Usingoje jioni ili "uone atakavyoendelea". Kuku huficha ugonjwa kadiri anavyoweza, kwa sababu anayeonekana dhaifu hudonolewa na wenzake na huwahiwa na mwewe. Ukiona ameshindwa kuuficha, mara nyingi ujue hakuanza leo. Mweke kwenye boksi lenye maranda makavu, au tenga lililofunikwa kanga kuukuu, mahali pasipo upepo na mbali na wenzake. Nikisema mbali namaanisha mbali. Nimeonyeshwa tenga la mgonjwa limewekwa ndani ya banda lilelile, juu ya kichanja, kinyesi kikiwadondokea wazima. Kila siku hudumia wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni. Uwe na ndala za bandani na ndala za mgonjwa, na zisibadilishane.

2. Mchunguze kabla hujakimbilia duka la dawa za mifugo. Mpakate. Papasa kifua: mfupa ukichomoza mkali, amekonda kwa muda mrefu, na minyoo iwe kwenye orodha yako. Gusa gole asubuhi kabla hajala: likiwa bado limejaa na gumu, chakula cha jana hakijashuka. Geuza manyoya ya chini ya mabawa na ya mkiani utafute chawa, na usiku mulika nyufa za banda utafute utitiri. Kisha angalia kinyesi. Chenye damu, hasa kwa kuku wanaokua na maranda yaliyolowa, fikiria koksidio, ugonjwa wa kijidudu cha utumboni. Cha kijani pamoja na shingo kupinda au mabawa kupooza, fikiria kideri, ambacho wengine mnakiita mdondo. Uso ukivimba na pua ikinuka vibaya, fikiria mafua ya kuku. Vinundu kwenye upanga wa kichwani na kuzunguka macho, ndui.

Kideri, ndui na gumboro, ule ugonjwa wa kuku wachanga unaovunja kinga ya mwili, ni virusi. Antibayotiki haiviui, hata muuza duka akikuambia hii ni ya "magonjwa yote". Mwarobaini, shubiri na pilipili navyo haviponyi kideri. Najua bibi zetu walivitumia, na najua pia kila kiangazi walikuwa wakizika kuku. Ukiwa unatibu koksidio kwa amproliamu, sitisha vitamini zenye B1 siku hizo, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwa kukinyima kijidudu vitamini hiyohiyo. Na ukitumia antibayotiki, mayai usile wala usiuze mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite.

3. Maji yanaokoa, na maji yanaua. Kuku mgonjwa hukaukiwa maji kabla njaa haijamfikisha popote, kwa hiyo kumnywesha ni kazi yako ya kwanza ukishamtenga. Lakini tundu lake la hewa liko hapohapo nyuma ya ulimi. Ukimpanua mdomo na kummiminia, yanashuka mapafuni. Kijana mmoja jirani yangu alimnywesha mtetea wake kikombe kizima cha maji ya shubiri, akamfia mikononi, akaja kuniambia dawa ilikuwa kali mno. Haikuwa ukali wa dawa, alizama. Na alikuwa amemshika kwa upendo wote, ndiyo maana nalirudia jambo hili kwa kila mgeni: dondosha tone pembeni mwa mdomo, mwache ameze, dondosha jingine. Maji yawe ya vuguvugu yenye sukari kidogo na chembe tu ya chumvi. Akianza kujimudu, mpe chakula chake kilicholowekwa, na yai la kuchemsha lililopondwa. Mwili wa kuku mzima una joto la nyuzi 41 hivi, na mgonjwa hulipoteza haraka. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, hasa usiku wa Juni na Julai, hufanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoifanya.

4. Kuku mgeni haingii bandani siku aliyofika. Hapa nitakaa, kwa sababu hili ndilo linaloua makundi mazima.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekolea. Nilikwenda gulioni kununua nyanya nikarudi na mitetea miwili. Walikuwa wazuri, wazito, na bei ilikuwa chini kuliko nilivyozoea. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshamsikia afisa mifugo akieleza kwamba kideri kikiingia kijijini, mwenye kuku akiona wa kwanza amekufa huwahi kuwauza waliobaki, na tenga zima linakwenda gulioni na ugonjwa ndani yake. Nililijua jambo hilo siku ileile niliyotoa pesa. Niliwaingiza bandani usiku, wenyeji wakiwa wamelala, kama wazee wanavyoshauri ili waamke pamoja wasipigane. Kwa ugomvi ushauri huo ni mzuri. Kwa ugonjwa ni kuulaza katikati ya wazima.

Kabla wiki haijaisha, mmoja wa wale wageni akaanza kuhema mdomo wazi. Nikamchukua, nikamleta jikoni, nikakesha naye. Nilimnywesha, nilimfunika, nilimwombea. Alfajiri nikatoka kwenda kuwapa wengine chakula kwa mikono ileile, kanga ileile, ndala zilezile. Niliamini namhudumia mgonjwa, kumbe nilikuwa nausambaza ugonjwa mwenyewe, boma lote, kwa miguu yangu.

Wa pili alipoanza kuhara kijani, nikakimbilia chanjo. Nilikamata kuku mmoja mmoja, wazima na waliokwisha kuzubaa, nikawadondoshea jichoni huku ncha ya kidondoshea ikigusa jicho la huyu na kwenda jicho la yule. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, na kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Sikuwa na wiki moja. Shingo zilianza kupinda. Wengine nilifungua banda asubuhi nikawakuta wamekwisha. Koo wangu mweusi alikuwa anaatamia na alikuwa amebakiza siku chache tu atotoe. Alifia juu ya mayai yake, na mayai yakapoa.

Hayo yote ningeweza kuyabeba. Nisiloweza kulizoea ni la jirani yangu. Kuku wake na wangu walikuwa wakipita chini ya ule ua wa michongoma na kuchakura pamoja. Alikuwa akiwakuza wauzwe Desemba kwa ajili ya ada ya shule ya Januari. Hakununua kitu gulioni, hakukosea popote. Nilimwona anatoka na jembe, nikajua anachokwenda kufanya. Nilimfuata nikamweleza kila kitu, tangu bei niliyowanunulia. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja: "Kwani mama, chanjo ulikuwa hujachanja?"

Sikuwa nimechanja. Na sababu yangu nitaitaja kwa sababu ndiyo sababu yenu ninyi wote: chupa moja ya chanjo ina dozi za kuku mamia, mimi nilikuwa na kuku wachache, nikaona nasubiri wazaane kwanza nisiimwage bure. Muda wote huo, kwa jirani zangu wa pande zote kulikuwa na kuku wa kutosha kuimaliza chupa hiyo. Sikuwahi kubisha hodi. Niliwahesabu walio ndani ya ua wangu tu, ilhali kuku wenyewe hawakuwa wakiujali ua huo.

Msimu uliofuata tulichanga, mimi na yeye na nyumba nyingine za karibu. Anayekwenda dukani huleta chanjo kwenye chupa ya chai yenye barafu, na siku hiyohiyo tunazunguka nyumba kwa nyumba alfajiri kuku wakiwa bado bandani. Tunachanja Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ya Julai haina mjadala, maana inatukuta kabla ya miezi ya kideri. Vifaranga vya kwanza nilivyototoa baada ya janga lile nilimpelekea yeye.

Basi, mgeni akae peke yake wiki mbili hadi nne, kwa chombo chake na maji yake. Bei ikishuka ghafla gulioni wakati wa kiangazi, nunua nyanya urudi nyumbani.

5. Chanjo ya kideri ya matone, iitwayo I-2, ndiyo inayotufaa sisi wa uani. Aina hiyo ilitafitiwa Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, na kwetu inatengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Inavumilia joto kuliko nyingine, lakini kuvumilia si kuachwa juani kwenye kikapu cha bodaboda. Tone moja, jicho moja, na ncha isiguse jicho. Wenye vifaranga wa bruda, yaani wanaolelewa kwa joto bila mama, mnaijua kalenda: kideri siku ya 7, gumboro ya 14, kideri tena ya 21, gumboro tena ya 28, ndui kati ya wiki ya 6 na ya 8. Chanjo ya kunywesha isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini, na kuku wakae bila maji kwa muda wa saa mbili kabla, ili maji ya chanjo wayamalize upesi.

6. Piga hesabu kabla ya kununua vifaranga. Kuku wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo kumi wanataka kilo 36 hivi kwa mwezi. Chotara hatagi kabla ya miezi mitano hivi. Muda wote huo unalisha bila yai hata moja, na ni katikati ya muda huo mnapoanza kupunguza dagaa na mashudu na kubaki na pumba tupu, kisha mnaniuliza mbona wanadonoana. Nafasi iwe mita moja ya mraba kwa kuku watano, na kiota kimoja kwa mitetea wanne au watano. Kila mwaka ingiza vifaranga wachache ili kundi zima lisizeeke kwa pamoja. Na unapojenga banda, jenga siku hiyohiyo kichumba cha wagonjwa upande wa pili wa uwanja. Kikikaa tupu ukaweka majembe humo, vizuri sana.

7. Wapo wasiopona. Shingo imepinda, hali, hanywi, siku zinapita: mpumzishe kwa haraka kwa kisu kikali, na usimfanye kitoweo. Usimuuze. Usimtupe mtaroni mbwa wakamburura mtaa mzima. Chimba shimo refu, mwagia chokaa, fukia. Ila kuku wawili wakifa ndani ya siku mbili, mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujafukia wa pili. Huyo kuku aliyekufa mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, umweke kivulini kwenye ndoo yenye barafu. Mzoga mbichi akiupasua ataona kilichowaua. Uliolala juani tangu jana hautamwonyesha kitu.