Mbu wa uani kwangu hupimwaje virusi?

*Shikamoo mzee. Vijana wa utafiti walitega mtego uani kwangu, karibu na mapipa ya maji. Asubuhi wakawatia mbu kwenye chombo kinachofuka moshi wa baridi. Mdudu mdogo hivyo, kirusi chake kinaonekanaje? Na wakikikuta, ndiyo kusema kwangu kuna ugonjwa?*
*Muuza dagaa, Ujiji*

Marahaba, mwanangu. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kabla ya kustaafu. Kinachofuka ni naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Virusi vya homa za dengi na chikungunya, zinazoenezwa na mbu, vina vinasaba vya aina dhaifu iitwayo RNA, na mbu akishakufa joto huviharibu upesi. Dagaa wakishushwa mwaloni Kibirizi wakachelewa kuanikwa, wewe unajua kinachotokea. Mwaka mmoja barafu iliniyeyukia njiani, mbu wa usiku mzima wakapotea. Mpaka leo inaniuma.

Maabara huwatenga kwa aina, majike mbali na madume, kisha huwasaga kwa makundi, mara nyingi yasiyozidi mbu 50, na kuwapima kwa PCR, kipimo kinachosaka vinasaba vya kirusi, kile tulichokizoea wakati wa UVIKO. Kirusi kikionekana, basi angalau mmoja wa kundi lile alikuwa nacho.

Swali lako la pili ndilo zito. Mbu aliyeshiba damu jana anaweza kukutwa na kirusi kilichomo kwenye damu ile tu. Huyo anatupa habari za mtu aliyemuuma, labda jirani, labda mgeni aliyeshuka melini. Ili aambukize, kirusi sharti kivuke utumbo kifike kwenye tezi za mate, na kwa dengi hiyo ni safari ya kama siku 8 hadi 12. Mbu wengi hufa kabla. Kwa hiyo wenye tumbo jekundu hutengwa, au hupimwa vichwa peke yake. Mbinu niliyoipenda kuliko zote ni karatasi iliyopakwa asali: mbu anakuja kunyonya, anaacha mate, inapimwa karatasi. Na dume, ambaye hafyonzi damu kabisa, akikutwa na kirusi tunashtuka, maana huenda alikirithi kwa mama yake tangu yaini.

Mayai hayo ya mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hugandana ukutani mwa pipa na kustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji hakutoshi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki, ufunike. Vijana wakirudi na majibu, waulize kwanza: mbu wenye kirusi walikuwa wameshiba damu?