Mnaotaka kuchambua albamu, njooni tuambizane

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nafuatilia sana uchambuzi wako. Na mimi nataka kuwa mchambuzi wa muziki. Nianzie wapi, na je, inalipa?" Nilianza kumjibu kwa kifupi, nikafuta. Si yeye wa kwanza. Tangu niandike kuhusu The God Son, albamu ya Marioo, na watu wakaisambaza mpaka kwenye magrupu ya familia ambako sikutegemea kukutana na maneno yangu, ujumbe wa namna hii hauishi. Najua mnachokitaka. Mnataka albamu ikitoka usiku, asubuhi watu waulizane, "Fulani kasemaje?" Ni raha, siwafichi. Basi leo nawajibu wote kwa mpigo.

Mimi nimekulia Morogoro, kwenye nyumba ambayo bongo fleva iliitwa muziki wa wahuni. Mzee wetu alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa muziki wa dansi, na kwa mtu wa Morogoro hilo halihitaji maelezo. Kaka yangu ndiye aliyeingiza nyumbani kaseti ya Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ile ya 2001, akawa anaificha chini ya godoro. Tuliisikiliza mzee akiwa kazini. Nilikuwa na daftari, nusu yake Jiografia, nusu yake mistari. Unabonyeza, unasikia mstari, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma kwa sababu kuna neno limekupita. Wimbo mmoja ulikula mchana mzima. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni kazi.

Siku tuliyofumwa ilikuwa inapiga Ndio Mzee. Kwa ambao mnaujua kwa kuupitia tu: mgombea yuko jukwaani anaahidi, umati unamwitikia. Ahadi zinaanza za kawaida, zinapaa, mpaka inafika mahali wanafunzi wanapelekwa mwezini kufanya mafunzo kwa vitendo, na umati unaitikia vilevile. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Tukajua kaseti ndiyo basi tena. Akasema, "Rudisha mwanzo." Aliusikiliza wote akiwa wima. Alicheka mara moja tu, tena si kwenye ahadi. Alicheka kwenye kuitikia.

Ukubwani ndipo nikaelewa kicheko kile. Anayechekwa katika wimbo ule si mgombea, ni sisi tunaoitikia. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe akagombea ubunge wa Mikumi, mkoani kwetu, akashinda, na mitaani watu wakataniana kwamba sasa ni zamu yake kuitikiwa. Wachambuzi wengi walishikilia huo utani. Mimi nilirudi kwenye daftari, nikaandika kuhusu umati. Watu walionisoma wakati ule bado wananisoma.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: andika mashairi kwa mkono, wewe mwenyewe. Usiyachukue mtandaoni, mengi yameandikwa na mtu aliyesikia nusu akajaza nusu. Starehe ya Ferooz ya 2004, akiwa na Professor Jay, nimewahi kuiona imeandikwa mahali hata haieleweki kwamba anayezungumza ni mgonjwa wa Ukimwi anayesimulia alivyoishi. Sasa umebakiza nini hapo cha kuchambua?

Miaka ya chuo na ile ya kutembeza vocha naiacha, haina muziki.

Aprili 2020 WCB, lebo ya Diamond Platnumz, wakamtambulisha Zuchu kwa EP ya nyimbo saba, I Am Zuchu. Mtandaoni stori ilikuwa moja: mtoto wa Khadija Kopa, yule mwimbaji wa taarabu, kabebwa. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye Mauzauza, ule aliomshirikisha mama yake. Sasa, nina shangazi Magomeni ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye maonyesho ya TOT. Miaka ya 1990 jiji la Dar lilikuwa na pande mbili za taarabu: TOT na Khadija Kopa wao, Muungano na Nasma Khamis "Kidogo" wao, mipasho inarushwa jukwaa hili inajibiwa jukwaa lile, na akina mama wanakwenda kutunza na vijembe vyao mkononi. Shangazi anazijua zile nyimbo mpaka nani alikuwa anasemwa. (Majina ananitajia kwa kunong'ona, hadi leo.)

Nilimwekea Mauzauza kwenye simu bila kumwambia kitu. Alikuwa anachambua mchele. Binti alipoanza kuimba, akaendelea na ungo wake. Sauti ya mama ilipoingia, shangazi akainua uso: "Huyo!" Kisha akanipa jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Akasema nimsikilize yule binti anavyoufunga mstari, halafu nimsikilize mama. Kuvuta lile neno la mwisho ni kulekule, kumetoka nyumba moja. Tofauti ni kwamba mtoto anaukata mapema ili awahi biti. Mama hana haraka, biti imsubiri.

Nikakaa usiku ule nikaandika. Habari ya kubebwa sikuigusa hata kwa sentensi moja. Niliandika jinsi taarabu ya jukwaani ilivyopita kooni kwa mtu mmoja ikatokea upande wa pili ikiwa muziki wa vijana, na kwamba anayemsikia Zuchu kama msanii wa studio tu hajamsikia. Andiko likasambaa. Nilifurahi, nisiseme uongo, nilikuwa nafungua simu kila mara kuangalia.

Siku chache baadaye niko kwenye daladala, redio iko juu, namsikia mtangazaji wa kituo kimoja, sikitaji, anamchambua Zuchu. Maneno yangu. Mpaka "biti imsubiri". Mpaka mchele na ungo, ila shangazi sasa amekuwa wa kwake. Mwenzake studioni anamwambia, "Kaka, wewe ni hatari!" Abiria wa pembeni yangu akatikisa kichwa, akasema jamaa anajua. Nilishuka kabla ya kituo changu. Niliwaandikia wale watu kwa adabu, nikawatumia na andiko langu lenye tarehe. Walinijibu kwa kile kikatuni cha viganja vilivyokutanishwa. Basi. Niliumia, na sidhani kama imeisha, maana mpaka leo redio ikiangukia masafa yao nabadilisha.

Mnauliza nianzie wapi, hapo ndipo pa kuanzia: jina lako liwe ndani ya andiko, katikati, siyo juu na chini tu ambako mtu anakata. Na andika jambo ulilolisikia kwa sikio lako. Mwizi atalichukua, sawa, lakini akiulizwa swali la pili atakwama.

Hili la kusikia ndilo linalonifanya nigombane na vijana. Mnaandika kila kitu isipokuwa wimbo. Agosti 2017 Ali Kiba alitoa Seduce Me na WCB wakatoa Zilipendwa, zikafuatana kwa saa tu. Nchi ikagawanyika Timu Kiba na Timu Mondi, yaani ya Diamond, watu wanahesabu watazamaji wa YouTube kuliko wanavyohesabu nauli. Nilisoma maandiko mengi sana juma lile. Nani kampita nani, nani kanunua watazamaji, nani kafanya kiki. Karibu hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini kundi zima la vijana waliokuwa juu kileleni wakati ule waliamua kuimba orodha ya vitu vilivyopitwa na wakati. Hilo lilikuwa swali tamu kuliko yote na lilikuwa bure. Mkalipita, mkaenda kuwa chawa. Uchawa una posho, nakubali, lakini siku msanii wako akigombana na lebo yake utaandika nini? Utasubiri uambiwe.

Sikiliza mashairi. Narudia kwa sababu najua mmeruka aya.

La pili, ambalo kwa kweli ni lilelile, sikiliza albamu kwa mpangilio wake, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka kwenda kwenye kolabo. A Boy from Tandale ya Diamond, 2018, ilizinduliwa Nairobi, na watu wakalalamika kwamba nyimbo nyingi walikuwa wanazijua. Ni kweli. Marry You aliyoimba na Ne-Yo na Hallelujah aliyowashirikisha Morgan Heritage tulishazichoka tangu 2017. Lakini mimi niliikalisha yote kwa pamoja, nikasikia kitu kingine: mtu aliyeweka jina la mtaa wake kwenye kava huku ndani akiwa amekaribisha wageni kutoka Marekani, Nigeria na kwingineko. Albamu ile ni mtu wa Tandale anayewaonyesha wa Tandale watu aliofahamiana nao huko nje. Unaweza kuipenda au usiipende kwa sababu hiyo. Mimi inanichosha kuanzia katikati, na niliandika hivyo, na nilitukanwa wiki nzima na watu ambao nina hakika hawakufika katikati.

La tatu: uliza wenyeji. Sauti Sol wa Kenya walipotoa albamu ya Midnight Train mwaka 2020, wimbo wao na Sho Madjozi na Black Motion, Disco Matanga, niliuchukulia wa kuchezea tu, mpaka rafiki yangu wa Kakamega akanieleza kwamba disco matanga ni ngoma ya usiku kwenye msiba, watu wanakesha, wanacheza, wanachanga. Furaha ya wimbo ule ikanibadilikia masikioni. Shangazi Magomeni, rafiki Kakamega, mzee Morogoro. Mchambuzi asiye na watu wa kuwauliza anabaki na sikio moja, lake, nalo limezoea vitu vilevile. Halafu mkishaulizia, watajeni. Msifanye kama yule wa redio.

Na msikilize kwenye spika mbaya pia. Muziki wetu mwingi unaishi kwenye bajaji na vinyozi, haukutengenezwa kwa ajili ya visikilizio vyako vya bei.

Sasa swali la pili la kijana wa Mwanza: inalipa? Uchambuzi wenyewe haunilipi. Unanilipia milango. Wasanii wanaosoma ninavyosikiliza nyimbo zao ndio wanaonitafuta niwaandikie wasifu, maelezo ya albamu ya kupeleka kwenye vyombo vya habari, hata maneno ya kumshukuru marehemu prodyuza kwenye kava. Kuna wimbo mmoja ulio kwenye simu zenu nyingi ambao mstari wake wa pili nilishauri mimi ubadilishwe. Sitautaja. Ila ukubaliane bei kabla hujagusa kalamu, iandikwe, hata kwenye meseji, na uchukue nusu mbele. Usiseme "tutaongea kaka", usiseme "ni ndugu yangu huyu". Kuna albamu moja ya mwaka juzi niliyoiandikia maelezo yote, watu wakayasifia, na hadi leo kila nikimpigia meneja wa msanii naambiwa wako studio.