Siku moja Istanbul, anzia hapa
Mkuu umeuliza siku moja Istanbul kama inatosha kuzunguka, kula na kufanya shopingi, inatosha ila isiwe Jumapili maana Grand Bazaar, lile soko kubwa la ndani, inafungwa. Asubuhi mapema nenda Hagia Sophia, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, imekamilika kujengwa mwaka 537 na ukiinua kichwa kuangalia lile kuba utasahau foleni yote, halafu shuka kwa mguu mpaka Eminönü, mtaa wa kando ya maji, pale kuna samaki wa kuchoma wanabanwa kwenye mkate na vitunguu, kamulia limau ule huku unaangalia wavuvi walivyojipanga na ndoano juu ya daraja la Galata. Bazaar usikubali bei ya kwanza. Jioni panda feri uvuke Kadıköy upande wa Asia, aisee hiyo usikose.