Arobaini Ihesabiwe Kuanzia Siku Gani? Kwa Anayetaka Kufungua Ofisi ya Ushauri kwa Wafiwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Tabora, muuguzi, anayetaka kuacha ajira na kufungua ofisi yake ya ushauri nasaha kwa waliofiwa. Aliniuliza mambo mawili: mtaji unaohitajika ni kiasi gani, na wateja hupatikana vipi. Nimeandika jibu mara mbili na mara zote mbili nimelifuta, kwa kuwa jibu fupi lingempotosha. Ninajua pia kwamba hayuko peke yake. Wapo wengi miongoni mwenu mliosomea ushauri nasaha, mnaoona jinsi watu wanavyoteseka baada ya mazishi, na mnaotamani kuwa na mlango wenu wenyewe.

Wangu niliufungua Mwanga, hapa Kigoma, mwaka 2021, baada ya miaka 11 ya kazi wodini. Kodi ilikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi 6 kwa mkupuo. Nilipaka kuta rangi, nikachongesha bango lenye maneno "Ushauri Nasaha kwa Wafiwa", nikakaa kusubiri. Katika miezi 4 ya kwanza waliingia watu 3, na mmoja wao alikuwa binamu yangu aliyekuja kunitia moyo.

Ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilikwenda kwenye msiba Ujiji, siku ya pili ya matanga, nikiwa na kadi za ofisi mkobani, na wakati wanawake tumekaa mkekani nikampa mjane kadi moja na kumnong'oneza kwamba akihitaji mtu wa kuzungumza naye, mimi nipo. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akichambua mchele, aliichukua kadi ile, akaisoma, akaisukuma chini ya ungo wake, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye turubai: "Kumbe siku hizi pole inauzwa." Niliondoka kabla ya chakula. Maneno hayo yalinitangulia kila nilipokwenda kwa karibu mwaka mzima, na hata ndugu zangu wa damu waliyarudia mbele yangu. Bado yananiuma, nakiri, ingawa leo ninaelewa kwamba mama yule alikuwa na haki. Siku za matanga jirani anapika, vijana wanateka maji, michango inapita kwenye simu, na mkeka haubaki mtupu hata usiku wa manane. Mshauri anayejipenyeza hapo hana anachoongeza. Kazi yetu inaanza matanga yakishaanuliwa, turubai limerudishwa kwa mwenyewe, na mfiwa anapakua chakula akijikuta ametoa sahani moja zaidi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo, kwa sababu nililifanya ndani ya ofisi yangu, mlango ukiwa umefungwa na mteja akiwa ameniamini.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alikuja mama mmoja. Ameniruhusu kusimulia habari zake, na yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Mume wake alitoka na mtumbwi jioni kwenda kuvua dagaa, usiku upepo ukachafuka, na asubuhi mtumbwi haukurudi wala hakuna ubao wake hata mmoja ulioonekana. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na si kila kinachozama humo huonekana tena. Watu walimwambia asikate tamaa, huenda upepo umemsukuma hadi Kalemie, ng'ambo ya Kongo, huenda yuko Burundi amelazwa hospitali. Na yeye kila mwezi alikuwa akiiwekea laini ya mumewe vocha ya shilingi 500 ili isije ikafungwa. Alikaa mbele yangu, simu ikiwa pajani, kioo kikitazama juu, akaniuliza: "Dada, arobaini niihesabu kuanzia siku gani? Na hii eda, nimeshaikaa au sijaikaa?"

Nami nilimjibu kwa niliyoyasoma darasani. Nilimweleza hatua 5 za huzuni, yaani kukana, hasira, kujadiliana, kuzama katika majonzi na kukubali, nikamwambia kwamba yeye yuko kwenye kukana na kwamba tutasaidiana mpaka afike kwenye kukubali. Aliitikia kwa kichwa, akalipa shilingi 15,000 zake, akatoka. Hakurudi wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata.

Nilirudi vitabuni kwa aibu. Hatua hizo zilielezwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili vifo vyao wenyewe. Hazikutungwa kwa ajili ya mjane, sembuse mwanamke asiyejua kama yeye ni mjane. Hali ya mama yule ilikuwa imechunguzwa na Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, aliyeanza kwa kuzisikiliza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, na akashikilia kwamba tatizo la watu hao liko katika jambo lililowapata, si katika akili zao. Mimi nilikuwa nimemwambia mwanamke anayesubiri kwamba anakana.

Laiti ningelisikiliza swali lenyewe! La eda lilikuwa la sheikh wa msikiti wake, na wajibu wangu ulikuwa kumsindikiza. Lilikuwepo na la sheria, ambalo hakulitamka lakini lilimkosesha usingizi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mwenzi ambaye hajasikika kwa miaka 5 na watu ambao wangetarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. La arobaini ndilo lililokuwa langu, na halikutaka jibu kabisa. Lilitaka mtu wa kukaa nalo pamoja naye.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sikilizeni. Msikimbilie kufundisha. Mfiwa anapouliza juu ya arobaini, zungumza naye juu ya arobaini, na anapozungumzia vocha, mwulize habari za vocha. Sikilizeni hata pale mnapodhani mmeshaelewa, maana hapo ndipo mimi nilipoharibu. Na yule ambaye miezi 6 imepita naye bado hali chakula, hapati usingizi, hawezi kazi, au anazungumzia kujiua hata kama ni wiki ya kwanza, msimng'ang'anie kwa sababu ya ada, mpelekeni hospitali.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ofisi yangu ilikauka, kwani mji wenyewe ulikuwa umekauka fedha. Katikati ya Juni mama yule alirudi. Alisema alikuwa amepita mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, na kukuta mitumbwi yote imepandishwa ufukweni, imepangwa safu kwa safu. "Siku zote nilikuwa najiambia yuko ziwani, dada. Sasa ziwani hakuna mtu." Safari hiyo sikusema neno kwa muda mrefu. Tulikutana mara 9, nyingi bila malipo, na mwezi Septemba ukoo ulikaa na sheikh wao wakapanga siku ya dua. Vocha bado anaiweka, nami sijamwambia aache. Ni yeye aliyeniletea wateja 6 waliofuata, wote wanawake wa mwaloni, na tangu hapo sijachapisha kadi nyingine.

Kuhusu mtaji, mdogo wangu wa Tabora: weka kodi ya mwaka mzima, na akiba ya kula miezi 8 bila kumtegemea mteja yeyote. Bango lako liwe dogo, kwani langu kubwa liliwafukuza watu. Tafuta chumba chenye mlango wa pili unaotokea uani, maana wengi watataka kutoka na macho yao mekundu bila kupita mbele ya duka la jirani.