Kugombea uongozi wa jumuiya ya watumia maji

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kugombea uongozi wa jumuiya ya watumia maji ya ziwa lenu hapo Lindi. Anza na katiba ya jumuiya: sifa za mgombea, ada, akidi (idadi ya wanachama inayotosha kufanya mkutano). Wengi huenguliwa kwa sababu jina halimo kwenye daftari la wanachama au ada haijalipwa, kwa hiyo dai risiti uitunze. Usiwaahidi wakulima kulima hadi ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na udongo ukilegea pale, mvua huuingiza ziwani na mazalia ya samaki hufukiwa. Inauma, lakini waambie mapema. Vibali vya maji navyo hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde, si jumuiya.