Kufika Ujiji baada ya maziko

Ndugu yangu, pole kwa kufiwa na mume wa shangazi yako. Umeuliza kama inafaa kwenda Ujiji ilhali ameshazikwa. Nenda, kwa kuwa Waislamu huharakisha maziko, na anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati, kupitia Tabora, hatarajiwi kuwahi kuzika. Ukifika, kaa na shangazi mkekani bila kumhimiza asimulie; atakaa eda miezi 4 na siku 10, na upweke humzidi mfiwa matanga yakishaanuliwa. Mimi nilipochelewa kumzika babu, nilivikuta viatu vyake bado mlangoni, visigino vimelika upande mmoja, nikaanza kuzihesabu siku zangu mwenyewe. Rambirambi mkabidhi mwenye daftari.